Beki Aliyepiga Goti

Watu wakikumbuka mpira wanakumbuka magoli. Nenda leo pale Rwamishenye, kaa kwenye benchi la duka lolote, uwaulize wazee nani alikuwa mchezaji katika zama zetu, watakutajia wafungaji mpaka kahawa yako ipoe. Beki hawamtaji. Wakimtaja, ni kwa kosa lake. Mimi nilikuwa beki, beki wa kushoto, tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya misheni mpaka miguu ilipokataa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa kutofunga goli. Sikufunga hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mtu hapiti, na nataka nieleze nilivyojifunza kazi hiyo, kwa sababu kule nilikozaliwa tulifundishwa kupisha kabla ya kufundishwa kusoma.

Nilizaliwa Izigo, Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba na nyumba ndani yake, ambacho hakikuwa chetu. Migomba aliipanda babu, mibuni aliipanda baba, kaburi la babu lilikuwa nyuma tu ya nyumba, na bado kibanja kilikuwa cha mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa nyarubanja. Zamani za watawala wa jadi, ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiilima ilitolewa zawadi kwa mtu mmoja wa ukoo mkubwa, na wale wakulima wakaamka asubuhi wakiwa watwarwa, yaani watu wa kutawaliwa ndani ya shamba lao wenyewe. Baba alikuwa mtwarwa. Kila tulipokamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu cha kwanza kilipanda kilimani kwa mwenye kibanja. Akitaka ua wake uzungushiwe upya, baba aliacha palizi yake na kwenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu aliweza kutolewa kwenye kibanja kwa kukosa adabu, na adabu lilikuwa neno pana sana siku zile.

Sehemu kubwa ya adabu hiyo ilikuwa njiani. Ukikutana na mwenye kibanja, au mke wake, au mtoto wake hata awe mdogo kwako, unatoka njiani, unaingia kwenye nyasi, unakunja magoti mpaka chini, unasalimia bila kumtazama usoni, kisha unasubiri apite. Baba alinifundisha kwa kuniwekea mkono begani na kunisukuma chini taratibu. Hakunisukuma kwa ukali. Alikuwa ananifundisha kuishi. Nilipofikia umri wa kucheza mpira, magoti yangu yalikuwa yanajikunja yenyewe kabla sijafikiri.

Mwenye kibanja alikuwa na mwana wa rika langu. Alisoma Bukoba mjini na kurudi likizo na viatu vya njumu vilivyofungwa pamoja kwa kamba na kuning'inizwa shingoni, tuvione. Sisi tulicheza pekupeku, kwa mpira wa majani makavu ya migomba. Nitasema kweli, kijana yule alijua mpira. Simpendi mpaka leo, lakini alijua mpira. Alikuwa winga wa kulia mwenye mbio na chenga za kukera, na anayemkaba winga wa kulia ni beki wa kushoto.

Aliyeniweka nafasi hiyo alikuwa padre Mhispania. Alikuwa mrefu, mwenye pua iliyovunjika ikapona vibaya, na mguu mmoja mzito aliouburuta kidogo. Alipofika misheni watu walidhani aliumizwa vitani. Kumbe ni mpira. Kabla ya kuvaa kanzu alicheza mpira kwao Hispania, akilipwa mshahara kama karani anavyolipwa, na alikuwa beki. Nilipompelekea baba habari hiyo alicheka mpaka akakohoa.

"Wanamlipa mtu mzima asimame mbele ya mwenzake amzibie njia?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi huko kwao watu wanaishi kwa ukorofi."

Padre alitusimulia maisha yake ya mpira vipande vipande, huku tukifyeka uwanja kule kwenye rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya migomba, ambako mama zetu walikata nyasi za kutandika ndani ya nyumba. Alitoka kijiji cha milimani, baba yake mchunga kondoo. Uwanja wao wa kwanza ulikuwa na mteremko mkali, na beki wa upande wa chini ndiye aliyefuata mipira bondeni. Akachukuliwa na timu ya mji ambao sisi hatukuweza kutamka jina lake. Mechi yake ya kwanza dhidi ya timu ya jiji kubwa, mshambuliaji alimpiga tobo mara mbili, na usiku akalia mbele ya mke wa mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Baadaye akawa mgumu. Akavunjwa pua kwa kiwiko na akacheza mpaka filimbi ya mwisho. Kila mji walikokwenda alizomewa, mpaka akaona kuzomewa ni sehemu ya mshahara. Tulipomuuliza iliishaje, alipiga ule mguu mzito kwa kiganja na kusema, "Goti." Tukaamini.

Somo lake lilikuwa moja na alilirudia mpaka tukalichoka. Miguu inadanganya, alisema. Macho yanadanganya. Mpira wenyewe unadanganya. Angalia kiuno. Mtu anaweza kukuonyesha mguu huku na macho kule, lakini kiuno kikigeuka, ndiko anakokwenda. Na usilale chini, maana beki akishalala amekwisha kupitwa. Nikawa naangalia viuno kila mahali. Nilitazama viuno vya mbuzi, vya ndama, vya wasichana waliokuwa wakiteka maji, na kwa hao wa mwisho mama alinizaba kofi. Nilipomweleza kwamba ni masomo ya padre, aliniongeza jingine.

Kitu kimoja padre hakuhitaji kunifundisha. Siku moja alipita nyumbani akanikuta ndani ya ule mti mkubwa uliochongwa kama mtumbwi, nikikanyaga ndizi mbivu kwa miguu pamoja na nyasi, ili maji yatoke tupate rubisi. Kazi hiyo hufanywa kwa hatua fupi fupi, uzito ukiwa chini, mwili wa juu umetulia, maana ukiyumba unateleza na kuanguka kwenye ndizi za watu. Padre alisimama akanitazama muda mrefu. "Hivyo hivyo," akasema. "Beki anasimama hivyo hivyo." Sikumwambia kwamba rubisi ile ilikuwa ya kupeleka kilimani.

Mechi ya kwanza tuliyocheza na vijana wa mjini ilikuwa uhuru ukiwa bado mchanga. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa shuleni, nasi tuliimba kwa sauti kubwa kuliko za walimu. Yule mwana wa mwenye kibanja alikuja na wenzake wakiwa likizo, na watu wa Izigo wakajaa pembeni mwa uwanja. Nilikuwa nimejiandaa. Mpira ulipomfikia, nilishusha uzito, nikatazama kiuno, na kiuno kikaniambia anakwenda nje, kwenye mstari. Nilijua kila kitu. Kisha nikainua macho nikaona ni nani anayekuja. Miguu yangu ikafanya kazi iliyoizoea. Nikatoka njiani, nikaenda pembeni, nikapiga goti.

Akapita. Alipokuwa akipita alinitikisia kichwa kidogo, vile walivyokuwa wakitutikisia njiani, na hata hakupunguza mwendo. Kisha akafunga.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko goli. Pembeni pale walisimama watwarwa watupu, na kila mmoja alijua kwamba angefanya vilevile. Mtu mmoja tu ndiye aliyekimbilia uwanjani, padre, na kitambaa kilicholowa maji. Akapiga magoti mbele yangu, akaanza kulibinya goti langu.

"Wapi panauma?"

"Hapaumi, Padre."

"Sasa umeanguka kwa nini?"

"Sikuanguka. Nilimpisha."

Alimgeukia katekista amfafanulie, akidhani hajaelewa maneno. Katekista akatazama viatu vyake. Padre akabaki ameshika goti zima lisilo na ugonjwa, akiligeuza huku na huku, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Nyumbani baba alikuwa amekwisha pata habari. "Umefanya vizuri, mwana wange," akasema, na alikuwa na furaha ya kweli. Jioni ile ile mtumishi alishuka kutoka kilimani na mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye jani la mgomba, zawadi kwa watu wenye adabu. Mama aliupika na ndizi. Sikuugusa. Nilikuwa sijawahi kukataa nyama maishani, na mama alinishika paji la uso akidhani nina homa. Haikuwa homa. Nilikuwa nimekasirika, na sikuwa najua bado nimemkasirikia nani.

Msimu mzima nilifanya mazoezi ya jambo moja, kusimama. Padre alivaa uwinga, na mguu wake ule ule mzito, akanijia mara kwa mara huku akipiga kelele kwa Kihispania. Wenzangu walijifunza kuiga mwendo wa yule kijana, kidevu juu, wakanijia nao. Wakati mwingine goti lilitikisika, nao wakaniambia wamekuja na mguu wa mbuzi. Nilivumilia utani wao. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mtu yule anijie tena nikiwa wima.

Alinijia sikukuu ya uhuru mwaka uliofuata, Bukoba mjini. Palikuwa na wageni wa serikali, viti vimepangwa chini ya turubai, na mwenye kibanja alikaa safu ya mbele. Timu yetu ilikuwa imelala Kitendaguro kwa jamaa wa misheni. Asubuhi, wenzangu wakinywa uji, padre aliniita kando ya nyumba.

"Leo utacheza beki wa kulia," akasema.

"Mimi ni wa kushoto, Padre."

"Najua." Alikuwa hanitazami. "Mzee yule anatupa kiwanja cha kujenga madarasa. Angependa mwanawe aonekane vizuri mbele ya wageni. Ni mechi moja tu."

Nilimtazama kiuno. Nasema kweli, nilimtazama kiuno, nikaona amekwisha geuka. 

Baba naye alikuwepo. Alikuwa ametembea kutoka Izigo na vibuyu vya rubisi ya wageni wa mwenye kibanja, pamoja na watwarwa wengine, na alinisubiri karibu na uwanja. Habari za ujio wangu kama beki mkorofi zilikuwa zimefika kilimani, wenzangu hawakujua kufunga midomo. Baba hakuwa na hotuba. Alinishika mkono wa shati akasema, "Mwana wange, kibanja." Basi. Neno hilo moja lilikuwa na kaburi la babu, na mibuni, na mama, na mahali pa kulala.

"Nimesikia, Tata," nikasema.

Nikaingia uwanjani, nikaenda kusimama kushoto. Padre alinipungia mkono nihame, akapunga tena, kisha akaita jina langu. Nilitia pamba masikioni. Beki wa kulia, ambaye alikuwa ameambiwa abadilishane nami, alikuja, akaniangalia usoni, akarudi kwake.

Mpira wa kwanza ulimfikia yule kijana karibu na mstari. Akaja, kidevu juu. Nilihisi magoti yanaanza, ile kazi yao ya zamani, na nikayaachia yakunjike kidogo, yafike pale pale ninapokanyagia ndizi, kisha nikayazuia hapo. Nikatazama kiuno. Kiuno kikaenda nje, nami nikaenda nje, nikaweka mguu kwenye mpira, mguu mtupu kwenye mpira na si kwenye mtu, na mbio zake zikambeba peke yake mpaka chini. Refa, karani mmoja wa mjini, alifanya ishara mchezo uendelee. 

Yule kijana hakuinuka mara moja. Alikaa pale kwenye nyasi akanitazama akisubiri. Alikuwa anasubiri goti. Nilipobaki wima, akasema kwa sauti ya chini, "Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua," nikasema. "Wewe ni winga."

Alinijia mchana kutwa. Alijaribu ndani, alijaribu nje, alijaribu kunivuta shati na kunikanyaga kwa njumu, na vidole vyangu viwili vya mguu wa kushoto vina alama hiyo mpaka leo. Hakupita. Katika kipindi cha pili nilisikia sauti moja pembeni, kisha nyingine, watu wa vibuyu wakianza kuguna kila nilipomzuia, mguno mdogo wa tumboni, si kelele, maana kelele zingeonekana. Kabla ya filimbi ya mwisho mwenye kibanja aliondoka kitini. Tukatoka sare, bila kufungana. Wengine huiita mechi ya namna hiyo mchana uliopotea. Mimi sijawahi kuwa na mchana mzuri kuliko ule, na yeyote asiyeelewa basi asielewe.

Malipo yalikuja upesi. Baba aliitwa kilimani, akapanda na kibuyu, akarudi bila kibuyu. Sharti lilikuwa jepesi kusema. Nipande mimi mwenyewe, nipige goti mbele ya watu, niombe radhi. La sivyo, tukimaliza kuvuna kahawa tuondoke kwenye kibanja.

"Nifukuze mimi, Tata," nilimwambia. "Niende popote. Lakini usinipeleke kule."

Nilitegemea kupigwa. Hakunipiga. Alikaa kizingitini akiwa na kahawa kavu mkononi, zile punje tunazotafuna, akizigeuza bila kutia hata moja mdomoni.  Mama alichukua jembe akaenda kuchimba mashimo ya migomba mipya. Nilimuuliza anampandia nani. Akasema amezoea kupanda.

Padre aliniita wiki ile. Nilikwenda nikiwa nimekaza uso, tayari kufukuzwa na yeye pia. Alikuwa ameketi nyuma ya sakristia akishona mpira uliopasuka, na aliongea bila kuinua kichwa. Akasema goti lake halikumtoa kwenye mpira. Goti liliumia baadaye, kwa kuanguka na baiskeli. Kilichomtoa ni mwenye timu yao, aliyekuja chumbani kabla ya mechi akamwambia mshambuliaji wa upande wa pili ananunuliwa na klabu kubwa, wanunuzi wamo uwanjani, na kuna watu watakaofurahi akionekana vizuri. Mechi moja tu. Padre akamwachia apite. Hakuna aliyegundua. Lakini tangu siku ile, kila mtu alipomjia na mpira, alijisikia anachagua, na beki anayechagua hafai kitu. Msimu ulipoisha akaacha, akaingia seminari.

"Asubuhi ile Kitendaguro," akasema, "niliisikia sauti ya yule bwana ikitoka kinywani mwangu."

Labda alitaka nimwonee huruma. Sikumwonea. Nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa anajua, kuliko mtu yeyote pale Bukoba alikuwa anajua, na bado aliniomba. Nilimwambia hivyo hivyo. Alikubali kwa kichwa, akaendelea kushona. Miaka michache baadaye alirudi kwao na sikusikia habari zake tena. Hasira yangu kwake imekwisha. Nikimkumbuka sasa namkumbuka kwenye rweya, anapiga kelele na mguu wake mzito, ananijia.

Kahawa iliiva, tukaivuna taratibu kama watu wasio na haraka ya kumaliza. Na kabla hatujatolewa ndipo habari zikafika kwa redio kwamba serikali ya uhuru inafuta nyarubanja. Anayelima kibanja ndiye mwenye kibanja. Sitajidai. Sikuifuta mimi kwa mguu wangu wa kushoto, ilifutwa na watu waliokaa vikao mbali na Izigo. Nasema tu kwamba habari ziliponikuta zilinikuta nimesimama.

Ila baba hakusimama. Kibanja kilikuwa chake, watu walikuja nyumbani kumpongeza, mama alipiga vigelegele, na wiki hiyo hiyo nilimwona njiani akiingia kwenye nyasi na kukunja magoti mzee wa kilimani apite. Nilimngoja afike nyumbani.

"Tata, kibanja ni cha nani?"

"Changu."

"Sasa goti la nini?"

Alifikiri. "Goti halijasikiliza redio," akasema.

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke, lakini iliniuma miaka mingi. Alipiga goti mpaka mzee yule alipokufa, na alipiga goti kaburini siku ya kumzika.

Mimi mpira ulinichukua. Nikahamia mjini, nikapanga chumba Rwamishenye, nikachezea timu ya mji na baadaye ya mkoa. Tulivuka ziwa kwa meli kwenda Mwanza tukitapika njia nzima, tukashuka, tukacheza siku hiyo hiyo. Hakuna aliyetulipa mshahara. Mchana nilikuwa mpimaji wa kahawa ghalani, jioni beki. Nilizomewa Mwanza, nilizomewa Tabora, nikamkumbuka padre nikatabasamu. Niliporudi Izigo likizo, baba alikuwa akiniuliza mambo ya mpira kama mtu anayepitisha muda. Mnasimamaje? Mkono unauweka wapi? Ukiona anageuka unafanyaje? Nilimwonyesha pale uani, naye akatazama huku akimenya ndizi zake, na sikudhani kwamba anasikiliza.

Kisha ukaja wakati wa vijiji. Nisieleweke vibaya, ujamaa niliupigia makofi kwa mikono miwili. Mtoto wa mtwarwa akiambiwa binadamu wote ni sawa, hahitaji kuambiwa mara ya pili. Nililima shamba la pamoja, nikapenda. Lakini neno zuri likishapata gari na dereva linaweza kukufikia likiwa limebadilika. Kwetu lilifika na bwana mmoja kutoka ofisini mjini, suti ya kaunda, kalamu mfukoni, na amri kwamba watu wa upande wetu watoke kwenye vibanja wakajenge kwa mstari kule kwenye rweya, mahali ulipokuwa uwanja wetu. Nyumba zitiwe alama ya rangi, na zenye alama zivunjwe. Bwana huyo alikuwa ni yule winga.

Nilikuwa ghalani habari iliponifikia. Nilipata lifti ya lori la kahawa mpaka njia panda, nikakimbia iliyobaki. Nilipofika kwenye mdomo wa kibanja chetu, mahali njia inapoingia kwenye migomba, niliwakuta. Bwana alikuwa mbele, nyuma yake vijana na kopo la rangi. Mbele yao, katikati ya njia, alisimama baba.

Alikuwa mzee sasa, shingo imekonda. Kisu cha kupogolea migomba alikuwa amekilaza mbali kwenye nyasi, asije akasingiziwa. Mikono yake ilikuwa mitupu. Magoti yalikuwa yamekunjika kidogo, na nikasema moyoni, sasa anashuka.

"Mzee, tupishe," bwana akasema.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda kutia alama nyumba. Ni amri. Tupishe."

Baba hakushuka. Bwana akaenda kushoto apite kando yake, na baba akawa amekwisha fika kushoto. Akajaribu kulia, baba akawa kulia, kwa hatua fupi, mwili wa juu umetulia. Hakumgusa. Hakumtazama usoni, na bwana yule lazima alidhani ni ile heshima ya zamani. Mimi niliona macho ya baba yalikotua. Nilisimama pale nikiwa na pumzi juu.

Bwana aliniona. "Wewe," akasema. "Mwambie baba yako."

"Baba yangu anaijua kazi yake," nikasema.

Akajaribu mara nyingine, kwa haraka, zile mbio zake za mjini, na suti ikamkwama kwenye mgomba. Baba alikuwa mbele yake. Mmoja wa wale vijana, ambaye baba yake alikuwa mtwarwa kama wetu, aliweka kopo la rangi chini, taratibu, kisha akafunga mfuniko. Wenzake wakatazama pembeni. Bwana alisimama akihema. Alisema atarudi na askari, alisema mengine mengi, na gari likageuzwa. Tulimsubiri siku nyingi. Hakurudi, na baadaye tukaambiwa watu wa vibanja waachwe walipo. Nyumba haijawahi kutiwa rangi.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Mchana ule, gari lilipopotea, miguu ya baba ilianza kutetemeka mpaka nikalazimika kumshika kiunoni na kumkalisha kizingitini. Mama alimletea maji akanywa yote. Magoti yake yaliendelea kucheza, akayawekea viganja ayatulize, kisha akanitazama.

"Niliangalia kiuno," akasema.